Breki zenye walakini: majibu kwa wasomaji kuhusu neno “dodgy”

Barua tano zilizonifikia safari hii zimehusu kivumishi kimoja cha Kiingereza cha mazungumzo, na ya kwanza ilinigusa kiasi kwamba nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine zote. Majina ya waandishi nimeyaacha kwa ombi lao.

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni fundi wa magari huku Kariobangi Light Industries, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 14. Nina mteja Mwingereza ambaye mwezi uliopita nilimbadilishia pedi za breki za magurudumu ya mbele. Siku tatu baadaye aliniandikia hivi kwenye simu: “Thanks for the work. Brakes still a bit dodgy going downhill. Can you have a look?” Neno “dodgy” sikulijua. Nililitafuta katika kamusi iliyomo kwenye simu, na maana ya kwanza niliyoikuta ilikuwa ya mtu mdanganyifu, asiye mwaminifu. Niliona ananiita mwizi, kana kwamba nilimwekea pedi zilizochakaa na kumtoza bei ya mpya. Sikumjibu kwa siku mbili. Kijana ninayefanya naye kazi ndiye aliyenishauri nimpigie, na mteja alishangaa sana kusikia kwamba nimekasirika. Ninaomba unieleze: neno hili ni tusi au si tusi? Na ikiwa si tusi, mbona kamusi inasema hivyo? (Fundi, Kariobangi)

JIBU: Ndugu fundi, mteja wako hakukutukana. Alichokuambia ni kwamba anapoteremka mlima breki zile hazimpi imani, na alikuwa anakuomba uziangalie upya. Nimelianza jibu kwa hilo, kabla ya habari yoyote ya lugha, kwa sababu mtu anayeteremka kuelekea Mai Mahiu huku pedali ya breki ikizama chini ya mguu wake hana siku mbili za kungoja hasira za fundi zipoe. Nilipoisoma barua yako niliogopa kwa ajili yake, nikafurahi kwamba kijana wako alikuhimiza upige simu.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Kamusi yako haikukosea. Ilikupa maana moja kati ya kadhaa, na bahati mbaya ikakupa ile iliyo kali zaidi. Waingereza hulitumia neno “dodgy” kwa mtu, kwa kitu na kwa hali. Likimhusu mtu, linasema kwamba mwenendo wake unanukia udanganyifu. Likihusu kitu, linasema kwamba hakifanyi kazi sawasawa, au ubora wake ni hafifu, au haijulikani kimetoka wapi. Likihusu hali, kama vile safari ya usiku katika njia mbovu au mapatano ambayo hayajaandikwa popote, linasema kuna hatari ndani yake. Kinachoziunganisha maana hizi ni kwamba msemaji hawezi kukiegemea kile anachokitaja. Hajasema kimeharibika kabisa, wala hajadai kwamba ana ushahidi. Amesema tu kwamba hakiegemeki.

Kwa hiyo la kwanza la kutazama ni nomino inayofuatana na kivumishi hicho. Katika ujumbe ulioupokea nomino ni breki, na shaka yote inaishia kwenye breki. Kiswahili kingemlazimisha mteja wako kuliweka hilo wazi, kwa kuwa angesema breki “zinazotia shaka” au fundi “anayetia shaka”, na kiambishi kingekuonyesha papo hapo ni nani au ni nini kinachosemwa. Kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki kwa namna hiyo. Kinavaa umbo lilelile mbele ya fundi, mbele ya breki na mbele ya risiti, na anayekisoma kwa mara ya kwanza huku amechoka na kazi anaweza kabisa kujiona yeye ndiye anayetajwa. Sikulaumu hata kidogo.

Ukitaka kujua kwa nini maana ya udanganyifu na maana ya ubovu zinaishi ndani ya neno moja, tazama mzizi wake. “Dodgy” limetokana na kitenzi “dodge”, ambacho kimekuwamo katika Kiingereza tangu karne ya 16 na maana yake ni kukwepa kwa kuruka upande, au kuhepa, kama tunavyosema hapa Nairobi. Kivumishi chenyewe kilianza kuandikwa miaka ya 1860, na mwanzoni kilimhusu mtu mwenye hila, mtu wa kukwepakwepa. Baadaye kikahamia kwenye vitu. Sisi tunaufahamu mwendo huo wa maana kutokana na neno letu “chenga”. Uwanjani, winga anayempiga beki chenga anashangiliwa. Nje ya uwanja, mdaiwa anayempiga mdai wake chenga kila mwisho wa mwezi hashangiliwi na yeyote, na ukisema fulani ni mtu wa chenga, au mtu wa konakona, kila mtu ameelewa kwamba usimkopeshe. Sasa fikiria breki inayokupiga chenga: unaikanyaga pale ulipoizoea, nayo haipo pale. Mtu mkwepaji na kifaa kisichotegemeka vinafanana kwa kuwa vyote viwili havipatikani mahali ulipotarajia kuvipata.

Nimejiuliza ni neno gani la Kiswahili lingefaa kuwekwa mahali pake katika ujumbe wa mteja wako. “Mbovu” ni zito mno, kwa sababu kilichoitwa kibovu kimekwisha kuhukumiwa, ilhali anayesema “dodgy” bado anashuku. “Feki” na “bandia” yanazungumzia asili ya kitu peke yake, na breki halisi kutoka kiwandani inaweza kuwa na hitilafu vilevile. Neno ninaloliona karibu kuliko yote ni “walakini”. Wasemaji wa Kiswahili walikichukua kiunganishi chenye asili ya Kiarabu, ambacho maana yake ni “lakini”, wakakifanya nomino, nasi tukapata kusema “gari hili lina walakini” au “habari zile zina walakini”. Nalipenda sana neno hili, kwa sababu ndani yake unamsikia mtu aliyekuwa akikubali na kusifu, akafika mahali akasita, na kule kusita kwake ndiko kukawa jina la kasoro yenyewe. Nalo linamfuata mtu na kitu bila kubagua, sawasawa na “dodgy”: “goti langu lina walakini” haimuumizi yeyote, lakini “yule bwana ana walakini” ni kauli ambayo hutaitamka akiwa amesimama karibu nawe. Laiti mteja wako angejua Kiswahili, angekuandikia kwamba breki bado zina walakini kwenye mteremko, nawe ungechukua spana bila kununa.

Najua wasomaji wengine watapendelea “ila”, kama ilivyo katika methali ya “Kizuri hakikosi ila”. Halina ubaya, ingawa ni vizuri kukumbuka kwamba “ila” ya kasoro na “ila” ya “isipokuwa” zimetokana na maneno mawili tofauti ya Kiarabu ambayo yalikuja kufanana yalipoingia katika lugha yetu. “Walakini” ni neno moja lililofanya kazi mbili, na ndiyo maana mimi ninalipa kipaumbele.

Kuna maneno mengine mawili katika ujumbe ule ambayo hukuyauliza na ambayo yanahitaji kuangaliwa, nayo ni “a bit”. Kwa tafsiri ya neno kwa neno ni “kidogo”, na fundi anaweza kufikiri kwamba tatizo lenyewe ni dogo. Katika mazungumzo ya Waingereza, mara nyingi sana “a bit” huwekwa kwa ajili ya adabu, ili lawama isimwangukie mtu kwa kishindo, na haipimi ukubwa wa jambo. Sisi pia tunayo desturi hiyo: mgonjwa anayeulizwa hali hujibu kwamba hajambo kidogo, huku homa imempanda. Kwa hiyo mteja akikuambia kwamba breki ni “a bit dodgy”, usilitegemee neno “kidogo” hata chembe. Mwambie asiliendeshe gari mpaka uzione.

Umeuliza kama neno hili ni tusi. Likielekezwa kwa mtu kwa jina lake, ndiyo, linaumiza, na mfano mzuri ulitokea katika Bunge la Uingereza tarehe 11 Aprili 2016. Siku hiyo waziri mkuu, David Cameron, alikuwa akijibu maswali kuhusu fedha za familia yake baada ya kuvuja kwa zile nyaraka za Panama, zilizoanika fedha ambazo matajiri walikuwa wameziweka katika kampuni za ng’ambo. Mbunge mkongwe wa chama cha Labour, Dennis Skinner, alipopewa nafasi alimwita “Dodgy Dave”. Spika, John Bercow, alimtaka aliondoe neno hilo. Skinner alilirudia badala ya kuliondoa, na akaamriwa kutoka ukumbini kwa muda uliosalia wa kikao cha siku hiyo. Angalia kwamba hakuna aliyelalamikia jina Dave, ambalo ni kifupisho cha kawaida cha David. Kilichomtoa mbunge nje ni kile kivumishi, kwa sababu kilikuwa kimewekwa moja kwa moja juu ya mtu na kumtuhumu kwamba si mwaminifu, jambo ambalo wabunge hawaruhusiwi kuambiana mle ndani. Lau Skinner angelalamika kwamba kipaza sauti chake ni “dodgy”, angeletewa kingine na kikao kingeendelea.

Jambo la mwisho kwako ni la kazi. Neno hili linakuambia kwamba imani imepungua, lakini halikuambii hitilafu iko wapi. Mteja anaweza kulitumia kwa sababu pedali inazama na kuwa laini kama sifongo, au kwa sababu gari linavuta upande mmoja anapofunga breki, au kwa sababu breki zinanukia kuungua na kupoteza nguvu baada ya mteremko mrefu. Wewe unajua kuliko mimi kwamba hayo ni magonjwa matatu tofauti, na la kwanza huenda ni hewa iliyobaki kwenye bomba la mafuta ya breki. Kwa hiyo ukiliona neno hilo tena, jibu lako la haraka liwe swali: zinafanyaje? Kwa Kiingereza unaweza kuandika tu “What do they do?”, naye atakueleza.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Kilifi na ninapika katika nyumba ya wageni huku Lavington. Asubuhi moja mgeni kutoka Uingereza alikataa kiamshakinywa, akasema “I’ve got a dodgy tummy”. Usiku uliotangulia nilikuwa nimempikia samaki wa nazi, na tangu hapo nimekosa raha. Je, alikuwa anamlaumu samaki wangu? (Mpishi, Lavington)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tumia kanuni ileile niliyompa fundi, ya kutazama nomino. Mgeni alilitaja tumbo lake, naye alimaanisha tu kwamba halijatulia. Msemo huo ni wa kawaida sana kwa Waingereza, nao huutumia iwe sababu ni chakula, uchovu wa ndege, kubadilisha maji au wasiwasi, bila kuitaja. Angekuwa anamlaumu samaki, angemtaja samaki: “dodgy fish” ni samaki ambaye mlaji anashuku kwamba alikuwa amechina, na hapo ungekuwa na haki ya kujitetea.

Kwa viungo vya mwili neno hili halina lawama yoyote. Mtu mwenye “dodgy knee” ana goti linalomsumbua mara kwa mara, pengine tangu alipoumia zamani akicheza mpira, na goti hilo humruhusu kupanda ngazi leo na kumkatalia kesho. Mpikie mgeni wako uji mwepesi, mpe pole, nawe ulale usingizi wako.

SWALI: Ninafundisha Kiingereza katika shule ya upili mtaani Umoja. Mwanafunzi wangu aliandika katika insha kwamba kiongozi fulani wa kubuni alikuwa “dodgy”, nami nikaliwekea neno hilo alama ya kosa. Alikuja kulalamika kwamba amelisoma katika magazeti ya Uingereza, na kwamba kamusi inalo. Je, nilimwonea? (Mwalimu, Umoja)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, hukumwonea, ila ningekushauri ubadilishe maelezo yaliyo kando ya alama yako. Neno si kosa la sarufi wala la maana. Limekosea mahali, kama mtu aliyekwenda mazishini na mavazi ya mazoezi. Kamusi za Kiingereza huliorodhesha na kulitia alama kwamba ni la mazungumzo na kwamba ni la Waingereza hasa, na alama hiyo ndiyo wanafunzi wetu wanayoiruka. Katika insha rasmi, barua ya kuomba kazi au ripoti, anahitaji neno linalosema waziwazi anashuku nini: “dishonest” ikiwa ni uaminifu, “unreliable” ikiwa ni kutotegemeka, “defective” ikiwa ni kifaa kilichoharibika, “questionable” ikiwa ni hoja au ushahidi. Mwache alitumie katika mazungumzo ya wahusika, ndani ya alama za kunukuu, kwa kuwa hapo ndipo makao yake. Mweleze pia kwamba likilinganishwa, herufi ya mwisho hubadilika, “dodgier” na “dodgiest”, maana nimeziona daftari ambamo “y” imeachwa palepale.

Kuhusu magazeti, mwanafunzi wako amesema kweli, na sababu yake inavutia. Mwezi Februari 2003, wakati serikali ya Tony Blair ilipokuwa ikitafuta kuungwa mkono katika suala la Iraki, waandishi wa habari walipewa waraka ambao baada ya siku chache uligunduliwa kuwa sehemu zake kubwa zilinakiliwa kutoka katika makala ya kitaaluma ya mtafiti Ibrahim al-Marashi bila jina lake kutajwa. Waraka huo ukaitwa “dodgy dossier”, na jina hilo limeugandama hadi leo. Sikiliza sauti yake: d mbili zinagonga mlango mmoja baada ya mwingine, kama zinavyogonga katika “Dodgy Dave” na katika “dodgy dealer”. Takriri ya konsonanti ndiyo iliyolipa neno hili maisha marefu katika vichwa vya habari. Zaidi ya hapo, lilikuwa neno la haki kwa siku zile za mwanzo, kwa kuwa lilisema kwamba waraka hautegemeki bila kudai kwamba kila kilichomo ni uongo. Mhariri wa gazeti anayetafuta kichwa kifupi ana uhuru huo. Mtahiniwa wa KCSE hana, na mkaguzi wa hesabu za serikali pia hana.

Ikiwa darasani mwako wamo wanaotazama filamu za Kimarekani, watakuuliza mbona hawalisikii sana humo. Wamarekani wanalielewa, lakini midomoni mwao utasikia zaidi “sketchy” au “shady” kwa mtu na mahali panapotia shaka, na “iffy” kwa jambo lisilo na hakika. Hilo la mwisho lilipata umaarufu miaka ya 1930 kupitia Rais Franklin Roosevelt, aliyekuwa akilitumia kuyakwepa maswali ya waandishi wa habari yaliyojengwa juu ya “ikiwa”. Limeundwa kutokana na “if”, yaani “ikiwa”, na hapo utaona kwamba Wamarekani walilifanyia “ikiwa” yao jambo lilelile tulilolifanyia “walakini” yetu: neno dogo la kuunganisha sentensi likageuka kuwa jina la shaka. Ningekuwa darasani mwako, ningetumia kipindi kizima kwa jambo hilo moja.

SWALI: Mwalimu, sisi hapa shuleni tukisema fulani “amedoji” tunamaanisha ametoroka kipindi. Je, kudoji ndiko kulikozaa jina la timu ya Dodgers na la magari ya Dodge? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Eastleigh)

JIBU: Kudoji kwenu na Dodgers ni ndugu wa damu. Timu hiyo ya besiboli ilianzia Brooklyn, mjini New York, ambako tramu za umeme zilikuwa nyingi barabarani na wakazi walitaniwa kwamba kazi yao ni kuzikwepa. Wakaitwa wakwepa tramu, na timu ikalirithi jina hilo hata ilipohamia Los Angeles mwaka 1958. Magari ya Dodge hayamo katika ukoo huo. Jina lake ni la ukoo wa ndugu wawili, John na Horace Dodge, ambao gari lao la kwanza lilitoka mwaka 1914. Nawe usidoji kipindi.

SWALI: Nina saiba ndogo huku Roysambu. Wateja wangu wengi ni akina mama na wazee wanaokuja kutengenezewa barua pepe au kuomba stakabadhi za serikali, na wiki chache zilizopita wawili kati yao walibonyeza linki walizotumiwa wakapoteza pesa zao. Nilichapisha karatasi ya Kiingereza nikaibandika ukutani: “Do not open dodgy links.” Nimegundua kwamba hawaielewi. Nimejaribu kuitafsiri nikakwama kwenye neno “dodgy”. Ulisema mahali fulani kwamba “walakini” linafaa. Niandike “linki zenye walakini”? (Mwenye saiba, Roysambu)

JIBU: Ni kweli kwamba nimelisifu neno hilo hata katika ukurasa huu, lakini kwako nakuomba usilitumie. “Walakini” linamfaa msemaji ambaye tayari ameshuku. Wateja wako hawakushuku, na ndiyo sababu waliibiwa. Karatasi inayowaambia wasifungue linki zenye walakini inadhani kwamba wanaweza kuutambua huo walakini kwa kutazama, na ikiwa wangeweza, wasingeihitaji karatasi.

Ugumu wako hautokani na upungufu wa Kiswahili. Unatokana na neno la Kiingereza lenyewe, ambalo linaacha mengi bila kusemwa. Mtu akikuambia kwamba fulani kwenye Luthuli Avenue anauza “a dodgy phone”, huenda anamaanisha simu ya wizi, au simu bandia yenye nembo ya kubandikwa, au simu halali ambayo betri yake inazimika ikiwa na chaji nusu. Mwingereza anaweza kuacha yote matatu yaning’inie, na msikilizaji wake akaridhika. Mtafsiri hana budi kuuliza: kinachoshukiwa hapa ni nini hasa? Ni wizi, ni ughushi, ni uchakavu, au ni hatari? Akishapata jibu, Kiswahili kina neno la kila kimoja, na mara nyingi tafsiri yake itakuwa ndefu kuliko neno la asili. Urefu huo usikutie hofu. Ninaona mabango mengi mjini ambayo mtafsiri alijibana ili neno moja lilingane na neno moja, na matokeo yake ni maandishi yanayopendeza na yasiyomsaidia mpita njia.

Tuufanye mtihani huo kwenye karatasi yako. Kinachoshukiwa ni linki zinazoletwa na watu wasiojulikana, au na watu wanaojifanya benki, kampuni ya simu au ofisi ya serikali, ili mteja aandike nambari yake ya siri. Mara nyingi ujumbe wenyewe unadai kwamba kuna pesa zimetumwa kimakosa, au kwamba laini itafungwa kabla ya jioni, ili mtu abonyeze kabla ya kufikiri. Hayo ndiyo ya kuandika. Ukiandika “linki za kutiliwa shaka” utakuwa umetafsiri vizuri kwa ajili ya gazeti, na mama aliyekuja kuchapisha cheti cha mtoto atapita bila kujua afanye nini.

Andika kwa herufi kubwa, kwenye karatasi ya rangi, uibandike karibu na kiti na si mlangoni, maana mlangoni watu wanatazama chini. Maneno yawe haya:

“Usifungue linki uliyotumiwa na mtu usiyemjua. Usiandike nambari yako ya siri popote ambapo linki imekupeleka, hata kama pana nembo ya benki. Ujumbe ukikuharakisha, usiujibu kwanza. Mwonyeshe mhudumu, hatozi chochote kwa kukuangalizia.”

Sentensi ya mwisho nimeiongeza mimi, nikitumaini utaikubali.